Kuhudhurisha Moyo Uzeeni

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi mbele ya wajumbe wa kamati za sharika, wafadhili na wazee wa kijiji, Ushongo, Wilaya ya Pangani. Tunaichapisha karibu kama ilivyosemwa.)

  

Tumeombwa tuzungumze juu ya hali ya moyo na akili kwa wazee, na hasa juu ya jambo ambalo siku hizi linaonekana sana katika maandiko ya miradi yanayotoka nje. Ni lile zoezi la kutulia na kuielekeza akili kwenye kile kinachotendeka sasa hivi, badala ya kuiacha izurure kwenye ya jana na ya kesho. Wataalamu wana jina lake la Kiingereza. Kwenye karatasi za Kiswahili tumeliona likifasiriwa kwa namna nne au tano, nyingine ndefu kuliko zoezi lenyewe. Mzee mmoja wa hapa ndiye aliyetutoa kwenye tabu hiyo. Tulipomweleza, alisema kwamba wao wanalijua siku nyingi: mtu anaweza kusimama safu ya mbele msikitini huku mawazo yake yako kwenye dema lake baharini, na swala hiyo haina hudhuri. Mtu anatakiwa kuhudhurisha moyo. Tukalichukua neno hilo, na ndilo tutakalolitumia leo. Mwili uko hapa, moyo nao uwe hapa.

Tuanze na wazee wenyewe. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 inamtambua mzee kuwa ni mtu mwenye umri wa miaka 60 na zaidi. Katika Sensa ya mwaka 2022, iliyokuta nchi yetu ina watu zaidi ya milioni 61.7, wazee walikaribia milioni 3.5. Ni wengi, lakini katika mipango ya maendeleo huwa wanatajwa mwishoni, baada ya vijana, akina mama na watoto, pale mwandishi anapokuwa amechoka.

Hapa Ushongo mzee ni nani? Ni mvuvi aliyeacha bahari pale magoti yalipokataa kupanda ngalawa, bila barua ya kustaafu wala kiinua mgongo. Ni mama aliyekuwa akishuka mwambani kila bamvua na kijiti chake kuchokoa pweza, na sasa anasikia tu kwamba leo maji yametoka sana. Ni mkwezi ambaye leo anamlipa kijana wa watu amwangulie nazi za minazi aliyoipanda mwenyewe. Wapo na wengine ambao mara nyingi hatuwahesabu, wale waliokuja ujanani mwao kukata mkonge katika mashamba ya Mwera na Sakura. Walitoka Kigoma, walitoka kusini, wengine walitoka ng'ambo ya mipaka. Mwaka 1964 nchi yetu ilizalisha takriban tani 230,000 za mkonge; kufikia mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa zimebaki kama tani 20,000. Tarakimu hizo wenzetu wanazisoma katika vitabu vya uchumi. Sisi tunazisoma kwa mzee anayeishi peke yake katika chumba kimoja, mbali na ndugu zake wa damu, asiyejua tena nani yuko hai kwao.

Tukiwauliza wazee hawa hali zao, hakuna anayesema ana sonona. Neno hilo ni la semina. Wanasema: nina mawazo. Nafikiri sana. Moyo unakwenda mbio. Na zaidi ya yote wanazungumza juu ya usiku. Mtu analala saa mbili, anaamka saa saba, na kuanzia hapo mpaka adhana ya alfajiri yuko macho anahesabu. Anahesabu deni la dukani, mjukuu aliyeacha shule, shamba ambalo ndugu wanataka liuzwe, mwana aliyekwenda baharini wakarudi wenzake peke yao. Hesabu hiyo haina jumla, na kesho yake usiku inaanza upya.

Tunalotaka kulisema leo ni hili. Zoezi la kuhudhurisha moyo lina msaada wa kweli kwa wazee. Hata hivyo msaada wake ni mdogo kuliko wanavyodai wale wanaolitembeza, na sehemu kubwa ya zoezi lenyewe wazee wa pwani wanayo tayari mikononi mwao. Kwa mantiki hiyo, kazi ya kamati zetu haihusu sana kufundisha. Inahusu kuondoa yale yanayomzuia mzee asilifanye.

Limetoka wapi? Mwaka 1979 mwanasayansi wa Kimarekani, Jon Kabat-Zinn, alianzisha kliniki katika chuo cha tiba cha Massachusetts kwa ajili ya wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu, watu ambao dawa zilikuwa zimefika mwisho wake. Alichukua namna ya kukaa kimya na kuifuata pumzi ambayo Wabudha wameitumia kwa karne nyingi, akaitenga na ibada yao, akaifanya kozi ya wiki 8. Kutoka hapo imeenea mahospitalini, mashuleni, hata kwenye ofisi za mabenki.

Hatulifichi hilo, kwa sababu katika usharika mmoja mjumbe alisimama akatuuliza waziwazi: je, hamtuletei Ubudha kwa kificho? Swali zuri, tungesikitika kama lisingeulizwa. Jibu letu ni kwamba pumzi haina dhehebu, na kuuweka moyo mahali mwili ulipo si jambo lililoanzia kwa watu wa aina moja. Mwaka 1535 Martin Luther alimwandikia kinyozi wake wa Wittenberg, aitwaye Peter, kijitabu kifupi juu ya namna ya kusali. Humo alimkumbusha kazi yake mwenyewe. Kinyozi anayejua kazi huweka macho na fikira zote kwenye wembe na nywele, na muda wote anajua amefika wapi. Akiwa mtu wa soga na kutazama huku na huku, mteja ataondoka na jeraha. Luther alitaka sala nayo ipewe moyo mzima namna hiyo. Kwa hiyo Mlutheri mwenye wasiwasi na zoezi hili tunamshauri apitie kwanza kwa kinyozi yule. Ama wazee wetu wa msikitini, wao wanavuta tasbihi punje moja moja baada ya swala, na hawajapata kutuhitaji sisi tuwaeleze faida yake.

Hata hivyo tulikubaliana na wenyeji tangu siku ya kwanza kwamba ndani ya kikundi cha wazee hapatakuwa na mahubiri. Anayetaka kusali anasali moyoni mwake, kwa imani yake. Tunaomba wafadhili walielewe hilo, na zaidi tunaomba wainjilisti wetu walielewe.

Sasa mtatuuliza ushahidi, nanyi mna haki ya kuuliza. Upo utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2012, wa watu 40 wenye umri kati ya miaka 55 na 85. Waliofuata kozi ya wiki 8 walieleza kwamba upweke wao umepungua kuliko wale ambao hawakuifuata. Mwaka 2015 ukachapishwa mwingine, wa watu 49 wenye usingizi mbovu, wastani wa umri wao miaka 66. Baada ya wiki 6 usingizi wa waliofanya zoezi ulikuwa umetengemaa kuliko wa wenzao waliofundishwa tu kanuni za kulala vizuri. Upweke na usingizi ndivyo hasa vinavyowasumbua wazee wetu, kwa hiyo habari hizo ni njema, ijapokuwa watu 40 na watu 49 ni wachache.

Lakini mwaka 2022 ulitoka utafiti mkubwa zaidi, wa watu 585 wenye umri wa miaka 65 hadi 84 waliokuwa wanaona kumbukumbu zao zinapungua. Wengine walifanya zoezi la kutuliza akili, wengine mazoezi ya mwili, wengine yote mawili. Baada ya miezi 6 kumbukumbu haikuwa imepanda kuliko kwa wale ambao hawakufanya hata moja kati ya hayo. Basi mtu akifika usharikani kwenu na kusema ana zoezi linalozuia usahaulifu wa uzeeni, mpeni dafu anywe, kisha msindikizeni.

Kwa habari ya usahaulifu tunao mfano wa karibu zaidi. Wilayani Hai, mkoani Kilimanjaro, wataalamu waliwapima wazee wa miaka 70 na zaidi katika vijiji 6, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 walikuta kwamba asilimia 6.4 wana ule ugonjwa wa akili kudhoofika na kusahau. Tunalitaja hili makusudi, maana bado tuna jamii ambazo mama mzee akisahau njia ya nyumbani au akisema maneno yasiyoeleweka watu hawafikirii ugonjwa, wanafikiria uchawi. Baadaye, huko huko Hai, wazee wenye ugonjwa huo walikusanywa katika vikundi vidogo, vikao 14 kwa wiki 7, wakizungumza, wakiimba, wakicheza, wakishika vitu vya kazi zao za zamani, na mazoezi yalirekebishwa yawafae watu wasiosoma wala kuandika. Matokeo, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha kwamba akili na hali yao ya maisha vilipata nafuu. Tunaomba mlione jambo moja katika mfano huo: wazee wa Hai hawakuambiwa wakae kimya kila mtu peke yake. Walikaa pamoja, na mikono yao ilikuwa na kazi.

Hapo ndipo tunapofika Ushongo.

Wengi wenu mmewaona akina mama wa hapa wakisuka ukili, lakini sijui ni wangapi tumewatazama. Ukindu unakatwa, unaanikwa, mwingine unatiwa rangi, kisha unachanwa kuwa chane nyembamba za upana mmoja. Kutoka kwenye chane hizo mama anasuka ukanda mrefu, huo ndio ukili, na ukili ukishatosha unashonwa kuwa mkeka. Kazi hii haisemeki kuwa ngumu. Lakini inadai mtu awepo. Chane moja ikipita juu badala ya chini, mchoro unapotea, na kosa halionekani mpaka umekwenda dhiraa nzima mbele. Basi unafumua. Msukaji mzoefu huzungumza akisuka, ni kweli, lakini mtazameni anapofika kwenye mchoro wenyewe: hunyamaza katikati ya sentensi, midomo ikahesabu, kisha akaendelea na habari pale alipoiachia. Kwa maisha yake yote amekuwa akifanya lile ambalo watu wa miji mikubwa wanalipia ada kufundishwa.

Tunachofanya na kikundi ni hiki. Tunakutana asubuhi, jua likishapanda kidogo. Wazee wanakaa kwenye mabenchi, si mkekani, kwa sababu ya magoti, na miguu mitupu inagusa mchanga. Tunaanza na pumzi chache za kawaida. Hatuwaambii wavute sana wala wabane pumzi, maana wapo wenye presha na wapo wenye pumu. Tunawaomba tu wasikie hewa inapoingia na inapotoka. Kisha masikio: kila mmoja anasikiliza kilichopo. Hapo ndipo sisi tuliosoma huwa tunaaibika kidogo. Tukiwa tunasikia "bahari", mzee mvuvi kando yetu amekwisha kusikia kwamba upepo umegeuka, kwamba maji yanajaa na bado hayajafika mwambani, na kwamba kuna ngalawa inarudi ambayo tanga lake halikufungwa sawasawa.

Baada ya hapo mikono. Akina mama wanasuka kwa ukimya mpaka chane walizoanza nazo ziishe. Hatuna saa nyingine. Akina baba wengine wanasokota kamba za makumbi, wengine wanatengeneza nyavu. Palizuka mjadala kama bao nalo lihesabiwe. Tunakiri kwamba bao linataka akili iliyotulia kuliko kazi nyingi, lakini aliyewahi kukaa karibu na wacheza bao anajua kwamba utulivu huo uko kichwani tu, mdomoni haupo. Tumeliacha liwe la baadaye, baada ya uji.

Na moyo ukiondoka? Utaondoka tu. Hata wale wenye kozi zao wanasema hivyo. Hatuukemei. Tunawaambia wazee waurudishe kama wanavyomrudisha mbuzi aliyeingia shamba la jirani, bila fimbo nyingi, maana ataingia tena. Wazee wanacheka, na nadhani wanalielewa hilo kuliko maelezo yote tuliyoyasoma.

Kuna mama mmoja katika kikundi ambaye usiku wake ulikuwa mrefu sana. Hatutasema habari zake. Zinatosha kujulikana na majirani. Alikuwa akiamka usiku wa manane, anatoka nje, anakaa kizingitini mpaka kuche. Sasa, anatuambia, anaweka kipande cha ukili karibu na mto, na akiamka anakipapasa gizani, chane moja baada ya nyingine, juu, chini, juu, na anarudi mwanzo kila mawazo yanapomchukua. Hajapata usingizi wa ujana. Kuna siku bado anakutwa na alfajiri akiwa macho. Lakini ameacha kukaa kizingitini, na anasema usiku umepungua urefu.

Wajumbe wengine wanadhani kuhudhurisha moyo ni kumkataza mzee mambo ya kale. Sivyo. Mbele yetu hapa, baharini, kipo Maziwe. Wazee wa Ushongo na Pangani wanakikumbuka kikiwa kisiwa chenye mivinje, na kasa wakipanda kutaga. Mwaka 1975 kilitangazwa hifadhi. Lakini bahari ilikuwa imekwisha kuanza kukila; miti ilianguka, na kufikia miaka ya 1980 ulikuwa umebaki mchanga mtupu ambao maji yakijaa unafunikwa wote. Kasa wanaendelea kutaga pale, kwa hiyo mayai yamekuwa yakihamishwa na kufukiwa upya ufukweni hapa Ushongo, na hulindwa kwa karibu miezi miwili mpaka yaanguliwe. Mzee akitusimulia Maziwe ya ujana wake, harufu ya mivinje baada ya mvua, mahali walipofunga ngalawa, kina cha maji upande wa kusini, mzee huyo yuko hapa hapa pamoja nasi na uso wake unang'aa. Akitusimulia kwa mara ya tano namna ndugu walivyomdhulumu urithi, hayuko hapa. Ametekwa. Tofauti ya hayo mawili haihusu miaka iliyopita, na mwezeshaji mwenye masikio huitambua upesi. Wa kwanza tunamwacha aendelee hata muda ukiisha. Wa pili tunamsikiliza mara moja kwa heshima yote, kwa kuwa dhuluma ni dhuluma na pengine inahitaji msaidizi wa kisheria, kisha tunampa chane mkononi.

Sasa mipaka yake, na hapa tunawaomba wajumbe wa kamati mtusikilize kwa makini.

Mzee mwenye njaa asifundishwe kupumua. Mnamkumbuka nabii Elia chini ya mretemu, alipoona heri kufa. Malaika hakumpa zoezi lolote. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha akampa tena. Kikundi cha Ushongo kinaanza na kinaishia na uji, na bila uji huo hatungekuwa na uso wa kuwaita wazee wa watu. Zanzibar walianza Aprili 2016 kumlipa kila mzee wa miaka 70 na zaidi shilingi 20,000 kwa mwezi, awe alikuwa mfanyakazi au mkulima. Huku kwetu, mzee asiyekuwa na pensheni ya kazi na ambaye kaya yake haimo katika orodha ya TASAF anategemea watoto, na watoto wanategemea bahari. Mawazo yake ya usiku mengine si ugonjwa kabisa. Ni hesabu sahihi.

Wala zoezi halichukui nafasi ya dawa. Kule Hai wataalamu walipopima presha za wazee wa miaka 70 na zaidi, karibu 7 kati ya 10 walikuwa nayo ya juu, na wengi wao hawakuwahi kuambiwa. Tumesikia, si hapa, habari za mtu aliyeacha vidonge kwa sababu aliambiwa pumzi inatosha. Hatutaki kusikia habari hiyo katika sharika zetu. Kila kikundi kitakachoanzishwa kianze na kipimo cha presha, na kila mwezi kipimo kirudiwe.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya kozi hulitaja kwa mistari miwili na sisi tungelipa ukurasa. Katika pwani hii ni nyumba chache ambazo bahari haijachukua mtu. Ukimwambia mama wa namna hiyo afumbe macho na asikilize mawimbi, hujui unampeleka wapi. Kwa sababu hiyo kikundi chetu hakifumbi macho. Macho yanakaa wazi, kwenye kazi. Asiyetaka kuelekea baharini anaelekezewa benchi upande wa minazi, na haulizwi sababu. Akilia, tunakaa naye. Akisema hatamani kuishi, hilo halingoji kikao kijacho: siku hiyo hiyo apelekwe Hospitali ya Wilaya Pangani, na ikibidi Bombo, Tanga. Wala Kanisa letu si geni katika kazi hii. Lutindi, kule milimani Usambara, palianza mwaka 1896 kama makazi ya watoto waliokombolewa kutoka utumwani, na mwanzoni mwa karne ya 20 pakawa hospitali ya wagonjwa wa akili. Mpaka leo wagonjwa wa pale wanapata dawa, na pia wanapata jembe, bustani na kazi za mikono. Waliotutangulia walikwisha kuona kwamba akili iliyochoka inapenda kushika kitu.

Tunamalizia na fedha, maana tunajua ndiyo mnayoisubiri.

Kwa wajumbe wa kamati: tafadhali msituletee andiko la kuomba mkufunzi kutoka nje, magodoro ya mazoezi na kengele ya shaba. Tumeyaona maandiko hayo. Ombeni mabenchi, yenye kimo ambacho mzee anaweza kuinuka bila kushikwa mkono. Fundi seremala wa kijiji anajua. Ombeni miwani ya kuonea karibu, kwa sababu tulipowauliza akina mama waliokuwa wameacha kusuka kwa nini waliacha, wengi hawakutaja uchovu wala uzee. Walisema hawaioni tena chane. Mama aliyevaa miwani ya bei ndogo akaona tena mchoro wake amepata msaada wa akili kuliko wa mafunzo ya siku tatu ya hotelini. Ombeni ukindu wa kuanzia, na nauli ya bodaboda kwa wale wazee wa makambi ya mkonge, ambao ndio wapweke kuliko wote na ndio hawafiki. Wawezeshaji wawe watu wa kijiji, na wawe wawili, ili mmoja akiuguliwa kikundi kisife. Posho ya kikao kwa wajumbe wanaokuja kutazama wazee wakisuka, hiyo hatutaiidhinisha.

Kwa wafadhili wetu: tunashukuru, na tunaomba mambo mawili. La kwanza ni muda. Kikundi cha namna hii kwa miezi 6 ni mabaya kuliko kutokuwa nacho, maana mzee aliyezoea kungojewa siku ya Jumanne, kisha Jumanne ikaondolewa, anakuwa mpweke mara mbili. Tunapendelea fedha kidogo kwa miaka 3 kuliko nyingi kwa mwaka mmoja. La pili ni fomu zenu. Zinatuuliza idadi ya walengwa waliofikiwa, nasi tunaijaza kwa uaminifu. Lakini hakuna kisanduku cha kuandika kwamba mtu ameacha kukaa kizingitini usiku. Tunapendekeza pawepo maswali matatu tu, ya Kiswahili cha kawaida, yanayoulizwa na jirani na si mgeni: juzi ulilala mpaka saa ngapi, wiki hii ulizungumza na nani, na kazi gani ya mikono uliimaliza. Yaulizwe kila baada ya miezi 3 kwa watu wale wale. Majibu tutawaletea kama yalivyo, hata yakiwa hayapendezi.

Na kuhusu Siku ya Wazee Duniani, tarehe 1 Oktoba, ambayo sharika nyingi huiadhimisha kwa fulana, soda na bango lisemalo kwamba wazee ni hazina: mwaka huu tunashauri fedha za fulana zinunue miwani. Soda ibaki, wazee wanaipenda.

Kikundi cha hapa kinakaa kila Jumanne, chini ya minazi hii hii. Wageni mnaotaka kuona mnakaribishwa kesho. Njooni mikono mitupu, mtapewa chane, na akina mama wameahidi kuwafumulia mtakapokosea. Kamera zibaki kwenye gari.